Mikutano ya Kigali: wengi wanaitazama kuba, wachache dawati

Septemba 2025 shule za Kigali zilifungwa wiki nzima na watumishi wa serikali wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, ili waendesha baiskeli wapate barabara. Yalikuwa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huo, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio ndefu ya wanaume, kilomita 267.5 za kupanda na kuteremka vilima, na picha za watu waliojipanga kandokando ya mlima zikaenea kila mahali. Hata majukwaa hayajabomolewa, mabishano yalikuwa yameshapamba moto mitandaoni: nchi ambayo wakulima wake wengi bado wanashika jembe la mkono ina haja gani ya kugharamia starehe za wageni?

Swali hilo si geni. Liliulizwa 2016, jumba la mikutano lenye kuba, Kigali Convention Centre, lilipofunguliwa wakati wa mkutano wa Umoja wa Afrika wa Julai, kwa gharama ya takriban dola milioni 300. Likaulizwa 2019, uwanja wa ndani wenye viti 10,000, ambao sasa unaitwa BK Arena, ulipokamilika kwa dola milioni 104. Likarudi 2022 kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kila mara hesabu ya barazani ni ileile: chukua bei ya jengo, igawe kwa bei ya darasa moja la shule ya msingi, kisha tikisa kichwa.

Ni hesabu rahisi kusimulia, na ndiyo maana inadumu. Lakini imeacha kitu kikubwa nje. Imeacha dawati la kutafuta mikutano, ofisi yenye watu wachache iitwayo Rwanda Convention Bureau, iliyoanzishwa 2014, yaani miaka miwili kabla ya ile kuba kuwashwa taa. Kwenye karatasi ni chombo cha taifa, kwa kuwa iko chini ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Kwa kazi zake za kila siku ni chombo cha jiji moja, maana kumbi kubwa, vitanda na uwanja wa ndege viko Kigali.

Kazi yenyewe haina mvuto wa kupigwa picha. Kuna chama cha madaktari wa figo, cha wahandisi wa maji, cha wakaguzi wa hesabu, ambacho kila mwaka au kila baada ya miaka miwili hukutana katika nchi tofauti. Mtu wa dawati anatakiwa ajue chama hicho kipo, ajue nani anapiga kura ya kuchagua mji, aandike zabuni, akusanye bei za hoteli kumi na tano ziwe ofa moja, apate barua ya waziri, apate ahadi ya shirika la ndege, kisha angoje. UCI iliipa Kigali mashindano ya 2025 mwezi Septemba 2021, miaka minne kabla. Jumuiya ya Madola ilitangaza Rwanda kuwa mwenyeji ikiwa London mwezi Aprili 2018. Mkutano ulipangwa 2020, ukaahirishwa mara mbili kwa sababu ya korona, ukafanyika Juni 2022. Anayeliona jengo siku ya ufunguzi wa mkutano anaona mwisho wa kazi ambayo wengine waliianza wakati hata yeye hajasikia jina la mkutano.

Kumbi nzuri ziko nyingi barani. Ukumbi usio na dawati la namna hiyo ni daladala mpya isiyo na konda: itapita kituoni tupu, abiria wakiitazama.

Sasa twende kwenye namba, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kwa taarifa ya RDB ya mwaka 2024, utalii wote wa Rwanda uliingiza dola milioni 647 kutoka kwa wageni wapatao milioni 1.36. Gawanya, unapata chini ya dola 500 kwa kila mgeni. Upande wa mikutano na matukio, taarifa hiyohiyo inasema wajumbe zaidi ya 52,000 waliacha takriban dola milioni 85. Gawanya tena: kama dola 1,600 kwa kila mjumbe. Mara tatu na zaidi.

Watetezi wa Kigali huishia hapo, wakafunga daftari. Si sahihi kuishia hapo. Lile fungu la wageni milioni 1.36 lina kila aina ya mtu: mama wa Goma aliyevuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi kuuza na kununua, ndugu wa Bukavu aliyekwenda mazishini, mfanyabiashara wa Kampala aliyelala usiku mmoja. Kumlinganisha mtu huyo na profesa aliyelipiwa hoteli na chuo chake ni kulinganisha watu wasiofanana, na wastani wa dola 500 hauelezi mgeni yeyote aliye hai. Kwa hiyo ile “mara tatu” inapendeza kuliko inavyothibitisha.

Ukitaka mlinganisho wa haki, mlinganishe mjumbe na mtalii wa sokwe. Kibali cha kuwatazama sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Volkano kimekuwa dola 1,500 tangu 2017, kilipopandishwa kutoka 750, na hapo bado hujalipa kitanda wala gari. Mtalii huyo kwa saa moja tu ya msituni anaacha fedha zinazokaribia zile za mjumbe wa wastani kwa safari yake yote. Sokwe peke yao waliingiza karibu dola milioni 200 mwaka 2024. Mtu angeuliza, na ni haki yake: kwa nini basi msikazane na sokwe, mkaachana na makongamano?

Kwa sababu sokwe wana kikomo. Kila familia ya sokwe inatembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja tu, na familia zilizozoeshwa watu zinahesabika kwa vidole vya mikono na vichache vya miguu. Ukiongeza wageni unawaua sokwe kwa mafua ya binadamu. Ukiongeza bei, kuna mahali mteja anageuza ndege na kwenda Bwindi, Uganda, ambako kibali ni nafuu. Rwanda haina ufukwe wa bahari. Haina Serengeti wala Maasai Mara. Mbuga yake ya Akagera ni nzuri lakini ni ndogo. Nchi iliyofikia dari ya bidhaa yake bora ina njia chache za kuendelea kupanda, na mojawapo ni kutengeneza sababu ya watu kuja ambayo haitegemei maumbile. Hili ndilo ninaloona halieleweki kwa wanaobeza. Wanazungumza kana kwamba Kigali ilikuwa na chaguo la utalii wa bei rahisi ikalikataa kwa majivuno. Haikuwa nalo.

Kuna jambo la pili, la kalenda. Mtalii wa sokwe na wa mbuga hufuata ukavu: Juni hadi Septemba, na kidogo Desemba hadi Februari. Masika ya Machi hadi Mei hoteli hupumua kwa shida. Madaktari wa figo hawajali mvua; wako ndani ya ukumbi. Kitanda kinacholaliwa Aprili kinalipa mshahara wa mhudumu yuleyule ambaye bila hivyo angerudishwa nyumbani hadi Juni. Faida hii haionekani kwenye namba kubwa za mwisho wa mwaka, lakini muulize meneja yeyote wa hoteli, wa Kigali au wa Mombasa, atakwambia tofauti kati ya hoteli iliyojaa miezi mitano na ile iliyojaa nusu kwa miezi kumi.

Wapo wanaosema mikutano yenyewe ni ya marais na mawaziri wanaoalikana, serikali ikijilipa kwa mkono wa kushoto. Hapa nina jibu la kupunguza shaka, ingawa haliiondoi. Chama cha kimataifa cha sekta ya mikutano, ICCA, kila mwaka hupanga miji kwa idadi ya mikutano, na kigezo chake ni kikali: huhesabu mikutano ya vyama na jumuiya za kitaaluma inayozunguka angalau nchi tatu, inayofanyika kwa ratiba, yenye washiriki 50 au zaidi. Mkutano wa marais hauingii. Kwa kigezo hicho Kigali imekuwa ya pili Afrika mara kadhaa, nyuma ya Cape Town. Julai 2023 ilipokea Women Deliver, kongamano la haki na afya za wanawake, na Julai 2025 ikapokea mkutano wa kisayansi wa Jumuiya ya Kimataifa ya UKIMWI. Hawa si watu wanaoitwa kwa simu ya ikulu. Walikuwa na miji mingine ya kuchagua.

Shaka inayobaki ni hii: mikutano ya namna hiyo kwa Kigali ni makumi machache kwa mwaka, ilhali RDB ilihesabu matukio zaidi ya 100 mwaka 2024. Yaliyobaki ni ya nani? Ni mangapi yaliyolipiwa na wizara, benki ya serikali au mfadhili aliyeombwa na serikali? Nitarudi hapo.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya madarasa, na inasikitisha kwamba ile nyepesi ndiyo inayovuma. Mwaka 2013 Rwanda iliuza hati fungani ya kwanza ya kimataifa, dola milioni 400 za miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.625, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kumalizia Kigali Convention Centre na kuliinua shirika la ndege la RwandAir. Riba peke yake ni dola milioni 26.5 kwa mwaka. Zile dola milioni 85 za mikutano haziingii hazina. Zinaingia hotelini, mgahawani, kwa mwenye gari, na serikali inapata kodi yake tu. Kwa hiyo mlipaji wa deni na mpokeaji wa mapato ni mifuko miwili tofauti. Deni lile limeshamalizwa, kwa kiasi fulani kwa kukopa tena 2021 kwa riba ndogo zaidi, lakini hoja ya mifuko miwili haijafa nalo.

Na fedha inayoingia hotelini haibaki yote. Majina makubwa ya Kigali, Radisson, Marriott, Serena, ni ya nje, na ada zao huvuka mpaka. Watetezi hujibu kwamba mayai, mboga, ulinzi, usafi, wakalimani na mafundi wa sauti ni wa hapohapo. Ni kweli, na mimi naongeza kwamba fundi aliyejifunza kuendesha vyombo vya ukalimani vya lugha sita hana tena haja ya kuletwa kutoka Nairobi. Lakini anayetaka kujua ni senti ngapi za kila dola zinazobaki Kigali hapewi namba ya kushika.

Halafu kuna watu wanaoondolewa njiani. Human Rights Watch iliandika 2021 kwamba watoto wa mitaani, wachuuzi na wanawake wanaouza miili walikuwa wakikamatwa na kuwekwa kituo cha Gikondo wakati jiji likijiandaa kwa Jumuiya ya Madola. Serikali huviita vituo hivyo vya muda na vya kurekebisha tabia. Mchuuzi aliyenyang'anywa beseni la maparachichi haoni tofauti ya majina. Sitaki mtu aniambie kwamba Dar es Salaam nayo iliwahamisha machinga 2021 bila mkutano wowote wa kimataifa. Ni kweli, na inaonyesha miji yetu haihitaji kisingizio, lakini haimfuti mtu machozi Gikondo. Kama mgeni wa kimataifa ndiye sababu ya usafi huo, basi gharama yake inapaswa kuandikwa kwenye daftari la mikutano, pamoja na siku za shule walizopoteza watoto wa Kigali Septemba 2025.

Siasa ndiyo inayoweza kuubomoa mradi huu haraka kuliko deni. Januari 2025 waasi wa M23 waliitwaa Goma, huku Umoja wa Mataifa na nchi nyingi zikiituhumu Rwanda kuwaunga mkono, tuhuma ambayo Kigali inaikanusha. Februari Congo ikafunga anga yake kwa ndege za Rwanda, na Bunge la Ulaya likaitaka UCI ifute mashindano ya Kigali. UCI haikufuta. Waziri wa mambo ya nje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich akizitaka ziachane na nembo ya Visit Rwanda, tangazo la utalii ambalo Rwanda inazilipa klabu hizo. Arsenal, iliyoanza na mkataba huo 2018, imetangaza kuumaliza Juni 2026; Bayern iliugeuza mkataba wake uwe wa kukuza vijana. Wasomaji wetu wa Bukavu na Goma wana sababu zao za kutotaka kusikia habari za kuba na baiskeli, na sithubutu kuwaambia wazisahau. Ninachosema ni kwamba jezi za Ulaya na dawati la mikutano ni matumizi mawili tofauti. Jezi inanunua kujulikana, na kujulikana ni jambo gumu kupimika. Dawati linaleta watu wenye majina, tarehe za kuingia na risiti za hoteli. Mtu anaweza kukataa la kwanza, kama ninavyoelekea kufanya mimi, bila kulitupa la pili.

Mikutano pia ni dhaifu kwa namna yake. Mwaka 2024 mapato yake yalishuka kulinganisha na 2023. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo virusi vya Marburg viliingia hospitali za Kigali. Viliua watu 15, wengi wakiwa wahudumu wa afya, kabla ugonjwa kutangazwa kuisha Desemba. Mtalii aliyelipia sokwe mwaka mzima kabla huenda akaja tu. Mkutano wa watu elfu mbili huahirishwa kwa barua pepe moja.

Mwenzetu wa kujilinganisha naye yuko karibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, makao yake ya Arusha yaligeuzwa mwaka uliofuata kuwa kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC. Huo ni mtaji ambao Kigali haikuupata: jengo, jina, mbuga mlangoni, miaka 36 ya kutangulia. Mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa saini Arusha Agosti 2000. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa na makao hapo AICC hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Nadhani hiyo ndiyo iliyoidhuru Arusha kwa upole: ilipata mpangaji wa kudumu mwenye fedha za Umoja wa Mataifa, na mwenye nyumba anayelipwa kodi kwa wakati hana haraka ya kwenda kutafuta wageni. Nairobi nayo ina jumba la mikutano la KICC tangu 1973, na sasa inajenga jumba kubwa la mikutano pale Bomas, mkandarasi akiwa Summa, kampuni ileile ya Kituruki iliyomalizia kuba ya Kigali. Habari zote nilizosoma kuhusu Bomas ni za bei, zabuni na viti. Sijasoma habari za nani atakayeandika zabuni za kuleta mikutano ya 2029.

Faida ya mikutano ikishuka hadi mtaani, hushuka kwa njia ambazo hazikupangwa na mtu yeyote wa kuba. Biryogo, mtaa wa Nyamirambo ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni, ulifungiwa magari, barabara ikapakwa rangi na viti vikatolewa nje. Jioni unawakuta hapo wajumbe wenye beji shingoni wakinywa chai ya maziwa na kula mishikaki karibu na vijana wa mtaa. Kufunga mtaa hakukugharimu hata chembe ya bei ya kuba. Lakini bila kuba wale wenye beji wasingekuwa Kigali, na bila Biryogo wangelala saa tatu usiku hotelini na fedha yao yote ikaishia kwenye ankara ya chumba. Wapangaji wa miji yetu wanapenda kubishana kuhusu kipi kati ya hivi viwili ni maendeleo ya kweli.

Narudi kwenye shaka niliyoiacha. Cape Town, inayoishinda Kigali kwenye orodha ya ICCA, ina kituo cha mikutano kilichofunguliwa 2003 ambacho mwanahisa wake mkuu ni Jiji lenyewe. Kwa kuwa ni mali ya jiji, hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Afrika Kusini na taarifa huchapishwa kila mwaka: mapato ya kituo, hasara ikiwepo, ruzuku ikiwepo. Mpinzani wa kituo hicho na mtetezi wake hubishana juu ya ukurasa mmoja. Kigali hesabu inatolewa na RDB, ambayo ndiyo muuzaji. Sidai kwamba namba ni za uongo. Nilizitumia mwenyewe hapo juu. Nadai zitenganishwe. Mikutano ya vyama vya kimataifa iwe safu yake, ya serikali na wafadhili wake safu yake, michezo safu yake. Kandoni pawekwe gharama ya kila zabuni iliyoshinda na ya kila iliyoshindwa, pamoja na idadi ya vitanda vilivyolaliwa Aprili. Taarifa ya mwaka 2025, mwaka wa baiskeli, ndiyo pa kuanzia.